Mwanaidi Wawili Kwenye Kadi Moja

Vijana wangu wa chumba cha kumbukumbu, mliniomba ukurasa mmoja wa mambo ya zamani kabla sijarudisha funguo. Nimezidisha, mtanisamehe. Sitawaambia nilipandishwa cheo mara ngapi wala mshahara wangu wa kwanza ulinunua nini, hayo hayawahusu. Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita mmoja wenu alinijia mlangoni, uso unang'aa, akaniambia, "Mama Zena, tumesafisha mfumo wote. Majina yaliyojirudia tumeyafuta." Nikamuuliza mmejuaje kwamba yamejirudia. Akasema, "Si yanafanana, mama?" Chai ilinipalia. Neno hilo nililisikia kwenye jengo hili hili wakati baba zenu bado wanavaa kaptura za shule, na hasira niliyoipata siku zile haijaisha mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Kongowe, hii yetu ya Kibaha, siyo ile ya njia ya Mbagala, na maisha yangu yote nimelazimika kuongeza maneno hayo kila nikitaja kwetu. Nililetwa kliniki ya kifua kikuu nikiwa msichana niliyejua kupiga chapa na kujivuna. Mkuu wa masjala alikuwa Mzee Mbaruku, mwembamba, mkali, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akanikabidhi kitambaa na kopo la mafuta ya taa. "Anza na miguu ya makabati," akasema. Kila mguu wa kabati ulisimama ndani ya kopo la mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Wiki yangu ya kwanza ya kazi ya ofisini niliyoisomea nilinuka kama koroboi, na mama yangu aliuliza kama kweli nimeajiriwa hospitali.

Mfumo wetu haukuwa na umeme, lakini msiucheke. Ulikuwa makabati matatu. La kwanza la majina: kadi ndogo yenye jina la mgonjwa, anakokaa, na namba yake. La pili la namba: kadi kubwa ya matibabu, na humo umri, uzito, majibu ya makohozi, sindano na vidonge, kila siku aliyofika. La tatu la vijiji: kadi moja kwa kila kijiji, imejaa namba tu, ili nesi akipanda Landrova ajue anawafuata akina nani. Kilichoyafunga makabati yote matatu pamoja ni ile namba. Ninyi mnaziita meza na mnaziunganisha kwa kidole. Sisi tuliunganisha kwa miguu, kutoka kabati hadi kabati, na jioni visigino vilituuma. Jambo ni lile lile.

Mzee Mbaruku alikuwa na masharti yake na hakuyajadili na mtu. Namba ikishapewa mtu haipewi mwingine, hata huyo mtu akifa. Kadi haitoki kabatini bila kuacha kibao mahali pake, kimeandikwa nani ameichukua. Kosa halifutwi: unapiga mstari mmoja, kosa linabaki linasomeka, unaandika sahihi pembeni na kuweka herufi za jina lako. Raba ilikuwa marufuku kuingia chumbani. Siku moja alinikuta nayo, akaichukua na kuitupa dirishani mbele yangu. Ilikuwa raba yangu, nimeinunua mwenyewe, na nilinuna mpaka saa ya kutoka.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo wenyeji wa huku mnalijua na wageni mtalijua leo. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au la bibi, na mwenye jina na aliyepewa jina wanaitana somo. Bibi anaitwa Mwanaidi, baba yake aliitwa Shomari. Akizaa mwana wa kiume, anampa jina la baba yake: Shomari. Huyo Shomari akizaa binti, anampa jina la mama yake. Haya, huyo hapo Mwanaidi Shomari, mjukuu wa Mwanaidi Shomari, na wote wawili wako hai, wanatwanga kwenye kinu kimoja. Zamani haikutusumbua. Wengi wenye jina moja waliishi mbalimbali, na kadi ya jina iliandikwa kitongoji. Mwanaidi wa kitongoji hiki, Mwanaidi wa kitongoji kile, basi.

Ikaja miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vipya. Vitongoji vitano, sita, vikamiminwa mahali pamoja na kupewa jina moja. Agizo likatoka kwamba kadi zote zibadilishwe, liandikwe jina la kijiji kipya tu. Mzee Mbaruku alitii kwa namna yake: kitongoji cha zamani akakiandika chini kabisa kwa penseli, herufi ndogo. "Kitawasaidia," aliniambia. Hakusema kitatusaidia sisi, kwa sababu alikuwa anastaafu. Tulimnunulia mwamvuli. Akaondoka kwenda kwao, na nafasi yake ikachukuliwa na Ndugu Kondo, aliyekuja na cheo kipya cha mratibu wa kliniki.

Ndugu Kondo alikuwa mtu nadhifu, kaunda suti ya kijivu imepigwa pasi mpaka ina makali, mzaliwa wa Maneromango kule Kisarawe. Msije mkamdhani mgeni asiyejua mila za watu. Alikuwa mtu wa huku huku, tena mcheshi. Alikuja akiwa na hamu ya kupunguza. Mkoani walitaka kila kliniki ionyeshe kwamba kifua kikuu kinapungua, na njia ya kukipunguza kwa dawa ni ndefu na inachosha.

Nikaenda likizo ya uzazi. Niliporudi makabati yalikuwa yamepakwa rangi, droo zinateleza vizuri, na ukutani kuna barua ya pongezi kutoka mkoani ndani ya fremu.

"Karibu, Ndugu Zena," Kondo akaniambia. "Tumesafisha. Wakati wa kuhama watu walijiandikisha mara mbili mbili. Jina moja, kijiji kimoja, huyo ni mtu mmoja. Namba ya zamani imebaki, ya karibuni imeondolewa, maelezo yote tumeyanakili kwenye kadi moja."

Sikatai, waliojiandikisha mara mbili walikuwepo. Nikamuuliza amewajuaje.

"Wanafanana kila kitu."

"Na kadi zilizoondolewa ziko wapi?"

"Karatasi hakuna nchi nzima, dada. Tumezipeleka dirisha la dawa."

Nikaenda dirisha la dawa. Kadi za Mzee Mbaruku zilikuwa zimekatwa miraba, zinakunjwa, zinafungiwa vidonge. Ala! Kadi ambazo mimi sikuruhusiwa kuzigusa na raba! Zile za kwanza zilikuwa zimeshaondoka na wagonjwa, zimeshatupwa majalalani kutoka Misugusugu mpaka wapi sijui. Niliokota mabaki kwenye boksi na hayakunisaidia kitu. Lakini sikuwa na ushahidi kwamba kuna aliyeumia, na Kondo alikuwa mkubwa wangu, nikanyamaza. Nikaanza kazi.

Ushahidi ulikuja wenyewe kwa miguu. Binti mmoja alisimama dirishani kwangu, mtoto mgongoni, mifupa ya shingo imejitokeza, anakohoa huku amegeukia ukutani ili asinikoholee. Alitoka Magindu. Alipanda lori la mkaa mpaka Mlandizi, kisha basi.

"Dada, hii ni safari ya tatu," akasema. "Wa dawa ananiambia nimeshapona. Mimi sijapona. Naomba uniangalizie."

Akafungua kanga, akatoa kopo la siagi, ndani ya kopo nailoni, ndani ya nailoni kadi yake ya nyumbani, ile ndogo ambayo kila mgonjwa alipewa akae nayo, yenye tarehe na uzito wa kila alipofika. Mwanaidi Shomari. Namba ikasomeka vizuri kabisa. Nikaenda kabati la namba, na mahali pa namba ile palikuwa wazi. Hapakuwa na kadi wala kibao. Nikaenda kabati la majina nikamkuta Mwanaidi Shomari wa Magindu, lakini namba nyingine, ya zamani zaidi. Kadi ya matibabu ya namba hiyo imeandikwa juu umri miaka sitini, na mwishoni: amemaliza. Na mimi mbele yangu nina msichana ambaye hata ishirini hajafika, na kliniki nzima inamwambia ana sitini na amepona.

Nikamkalisha kwenye benchi, nikaisoma ile kadi polepole. Uzito ndio ulionishtua. Kilo hamsini na mbili, halafu arobaini na moja, halafu hamsini na tatu, halafu arobaini na moja. Mtu gani huyu ananenepa wiki hii na kukonda wiki ijayo kama mpira unapulizwa na kuachiwa? Kwanza nilidhani mizani. Nikaenda kujipima, nikajipima tena nikiwa na mwanangu mkononi, nikamwita nesi naye ajipime. Mizani ilikuwa nzima, ila mimi ndiye nilikuwa nimeongezeka, jambo ambalo sikulihitaji siku hiyo. Nikarudi kwenye kadi na kuitazama upya. Maandishi ya miezi yote yalikuwa ya mkono mmoja na wino mmoja, wakati kliniki ilibadilisha makarani na kalamu kila mara. Ikawa wazi. Kadi mbili zilinakiliwa juu ya moja kwa kufuata tarehe, na watu wawili wakawa wanapokezana mstari kwa mstari.

"Mwanaidi," nikamuuliza, "nyumbani kwenu kuna nani mwingine aliyetibiwa hapa?"

"Bibi," akasema. "Somo yangu. Yeye alimaliza."

Basi shikeni hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Ukigundua kumbukumbu imeharibika, usishike kalamu. Kwanza zuia wengine wasiendelee kuandika. Nilifunga kabati la namba na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga, wakalalamika, nikawaacha walalamike. Pili, nakili kilichoharibika kama kilivyo, na uozo wake wote, kabla hujagusa kitu. Tatu, tafuta sehemu ambayo mharibifu hakufika. Kadi ya nyumbani haikufikiwa, ilikuwa Magindu ndani ya kopo. Daftari la maabara halikufikiwa, kwa sababu Rajabu wa maabara hakumruhusu mtu aliguse, na alikuwa ameandika makohozi ya kila namba kwa siku yake. Nikachukua penseli ya bluu na nyekundu. Kila mstari uliokubaliana na kadi ya nyumbani na maabara nikautia bluu, huyo ni mjukuu. Wa bibi nikautia nyekundu. Mistari miwili haikukubaliana na chochote. Hiyo niliiwekea alama ya kuuliza na kuiacha hivyo, maana kubahatisha ndiko kulikotufikisha pale.

Kazi ilipokwisha alikuwepo: Mwanaidi mdogo, miezi kumi ya dawa ameshameza bila kukosa, bado minane. Na miwili katika hiyo minane tulikuwa tumeshamnyima sisi.

Nikampelekea Kondo kadi mpya yenye namba ya binti mwenyewe, ile iliyoondolewa, aitie sahihi. Bila sahihi ya mratibu, dirisha la dawa halitoi hata kidonge kimoja. Alisoma. Alielewa, nawaapia, alielewa mara moja, sikulazimika kumweleza chochote.

"Namba hii siwezi kuirudisha," akasema. "Taarifa imeshakwenda mkoani. Nikirudisha namba moja, wataniuliza na nyingine."

"Ndiyo, na waulize!"

"Ndugu Zena, punguza sauti. Mwandikishe upya kama mgonjwa mpya. Hataonekana tofauti."

Hataonekana tofauti! Mgonjwa mpya maana yake aanze moja: sindano kila siku miezi miwili, amelazwa wodini, mtoto anyonyaye abaki Magindu na nani? Miezi kumi aliyovumilia vidonge vile vinavyochafua roho itupwe, ihesabiwe hakuwahi kuimeza. Yote hayo ili hesabu ya mtu isiguswe. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa mtayabandika ukutani. Akaniambia nikiendelea nitaandika barua ya kujieleza.

Mwanaidi alikuwa amesikia yote, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mimi sikupunguza sauti. Akafunga mtoto mgongoni, akaondoka. Nikajua tumempoteza. Nililala vibaya siku zile.

Akarudi Jumatatu na bibi yake.

Bibi Mwanaidi alikuwa mfupi, mweusi tii, kaniki kifuani na kanga mpya juu yake, kanga ya kuendea kwa watu. Hakuja dirishani kwangu. Alipita moja kwa moja mpaka ofisi ya mratibu, akavuta kiti, akakaa, akamkalisha na mjukuu. Nami nikajipenyeza nikasimama kwenye kizingiti, anifukuze akitaka.

"Shikamoo, bibi," Kondo akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, hongera, kadi yako inaonyesha umepona."

"Ahsante. Mimi nimepona, nala, nalima. Nimekuja kwa ajili ya huyu." Akamtazama kidogo. "Wewe ndiye Kondo?"

"Ndiye mimi."

"Wa wapi?"

"Maneromango, bibi."

"Jina hilo umepewa la nani?"

Kondo akaona anakopelekwa, akacheka kidogo. "La babu yangu."

"Ulizaliwa yu hai?"

"Yu hai. Amenilea."

"Ehee. Akila babu yako, ulikuwa unashiba wewe?"

Nje kwenye benchi mtu akaangua kicheko.

"Nakuuliza, baba, mimi sijasoma, nielewe. Alipougua babu yako, dawa ulikunywa wewe? Alipokufa mlizika nani? Ulikwenda kaburini wewe na ukarudi?"

"Bibi, hili ni jambo la utaratibu…"

"Basi na mimi nataka utaratibu." Akaweka mkono wake juu ya goti la mjukuu. "Tumekaa hapa Mwanaidi wawili, unatuona. Kadi unasema ni moja. Tuambie yupi kati yetu hayupo. Tuambie tu, hatutagomba. Asiyekuwepo arudi nyumbani akafe, aliyepo apewe dawa."

Mtoto alikuwa ananyonya na kuvuta kanga ya mama yake. Kondo aliitazama ile barua ya pongezi ukutani, akalitazama dirisha, akavitazama viatu vyake. Sikumwonea huruma hata chembe, na sasa nimezeeka bado simwonei. Mwisho akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikamwekea kadi mezani. Akatia sahihi kwenye namba aliyoiondoa, na miezi kumi ya Mwanaidi ikarudi kwa mwenyewe.

"Lakini taarifa ya mkoa haiguswi," akasema.

Haikuguswa. Kwa kuwa sahihi moja ilikuwa imeshapatikana, nilimpelekea na ya pili, na ya tatu, kila asubuhi kabla hajanywa chai, akawa anatia sahihi ili niondoke. Nilipanda Landrova na nesi, tukazunguka vijijini kutafuta kadi za nyumbani. Watu walizitunza kuliko sisi wenye makabati. Nyingine zilishonewa ndani ya mito ya sufi, nyingine zilichomekwa kwenye makuti ya paa, moja nyuma yake mtoto alikuwa amefanyia hesabu za kugawanya, na amekosa zote. Vile vitongoji vya penseli vya Mzee Mbaruku vilitutambulisha wengi. Wengine tuliwakuta wamelala chini hawawezi kusimama, tukawabeba. Kwa wengine tulikuta matanga yameshakwisha, na nikabaki nimeshika kadi nzuri, safi, imenyooka, ya mtu ambaye hakuna tena wa kumpa. Kwa hao mimi sijasamehe. Ndugu Kondo alihamishwa kwa heshima, tukachangishwa zawadi, nami nikatoa, maana ilikatwa moja kwa moja.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini siku ile mliponiambia mmesafisha nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja, ndiyo sababu. Hao mliowafuta kwa kuwa wanafanana, mnazo nakala zao, nyie mna bahati kuliko sisi. Warudisheni wote. Halafu muwaulize mmoja mmoja, kwa simu, kwa miguu, vyovyote, kabla hamjamwondoa mtu.

Mwanaidi mdogo alikuja kila mwezi mpaka akamaliza. Siku ya mwisho alikuwa na mashavu, mizani ilisoma hamsini na moja, na mtoto alikuwa anatembea mwenyewe na kunivurugia droo. Niliandika "amemaliza" kwenye kadi yake, kwa mkono wangu, nikaweka herufi zangu pembeni. Akainama dirishani kusoma.

"Dada Zena," akasema, "na huko mkoani, wameshaandika kwamba nipo?"

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia hapana, taarifa ilibaki vile vile, wao wanajua Mwanaidi ni mmoja.

Kisha akamnyanyua mtoto, akamfunga mgongoni.

"Basi naomba uniandikie barua kwa mwenyekiti wa kijiji," akasema. "Kesho ni zamu yetu shamba la ujamaa. Mwambie mimi sipo, nitalimaje?"